SIERREUR (fomula ya Excel inayoficha makosa) yenye sifuri inakula makuta ya mama zetu wa soko: nani anakagua hizi Excel za mikopo Lubumbashi?

Wandugu, nimekasirika, na ninaandika hapa kwa sababu kwenye biro yao hakuna anayenisikiliza.

Shangazi yangu anauza samaki wa kukausha kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Alikopa dola 1000 kwenye koperative moja ya akiba na mikopo hapa mjini, miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Piga VPM mwenyewe (fomula ya Excel ya malipo ya kila mwezi): ni dola 100,46 kila mwezi. Mwezi wa kwanza 30 ni riba, 70,46 inapunguza deni, na deni linabaki 929,54. Mama amelipa bila kuchelewa hata siku moja, risiti anazo zote. Halafu anaitwa, anaambiwa deni lake halijashuka, na juu yake kuna adhabu ya kuchelewa!

Nikakataa kuondoka mpaka wanifungulie faili. Tazameni fomula iliyokuwa kwenye safu ya pesa inayopunguza deni:

=SIERREUR(D6-C6;0)

D ni alicholipa, C ni riba. Miezi aliyolipa kwa simu, ajenti alinakili kiasi moja kwa moja kutoka kwenye ujumbe wa simu: 100.46, kwa nukta. Excel yao ni ya Kifaransa, inataka mkato. Kwa hiyo ile 100.46 kwake si namba, ni maandishi tu, na ukijaribu kutoa riba kwenye maandishi unapata #VALEUR!, alama ya kosa. Hapo mashini ilikuwa inapiga kelele kwamba kuna kitu kibaya. Lakini kuna mtu aliyeifunga mdomo: kosa lolote likitokea, andika 0. Basi malipo ya mama yamekuwa sifuri, deni limebaki 1000, mwezi unaofuata riba inahesabiwa tena 30 badala ya 27,89, na fomula ya adhabu ikiona sifuri inasema huyu hakulipa.

Na jumla chini ya safu ya malipo je? SOMME inaruka maandishi bila kusema neno. Hakuna rangi nyekundu popote, karatasi inapendeza, mkubwa anatia sahihi.

Niliambiwa, «papa, mashini haidanganyi». Ni kweli, mashini ilisema #VALEUR!, ni ninyi mliolifuta neno lake. Sifuri kwenye deni la mtu ni madai: inasema mama huyu hajaleta kitu. Mnawezaje kuandika hivyo juu ya mtu mwenye risiti mkononi?

Dawa yake haina uchawi. Zile 100.46 zilikuwa zimelala upande wa kushoto wa kisanduku, wakati namba za kweli zinasimama kulia. Mtu mwenye macho angeliona. Na kama mnataka fomula ilinde:

=SI(ESTNUM(D6);D6-C6;NA())

Hapo, kama kiasi si namba (ESTNUM ndiyo inayopima), kosa linabaki #N/A, linashuka mstari kwa mstari mpaka chini, na hakuna atakayethubutu kuchapisha karatasi ile kabla ya kurekebisha. Ndiyo, inaudhi. Inapaswa iudhi! Tena kuna Validation des données, kidhibiti cha Excel kinachokataa maandishi tangu mlangoni yakiandikwa kwa mkono, ingawa yakibandikwa yanapita.

SIERREUR yenyewe siichukii, ina mahali pake, kwa mfano mistari ambayo bado haijajazwa. Na siyo kila kosa linatoa alama: weka riba ya mwaka, asilimia 36, bila kugawa kwa 12, VPM itakupa 369,22 kwa mwezi na haitalalamika. Ndiyo maana lazima mtu asome.

Atakayekuja kusema haya ni madogo: mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wakubwa wa Marekani, walitoa utafiti juu ya madeni ya serikali, na wastani wao kwenye Excel ukaacha nje mistari ya nchi tano. Mwaka 2013 mwanafunzi mmoja, Thomas Herndon, aliona kosa hilo. Aliliona kwa sababu walimpa faili lenyewe, fomula zikiwa ndani.

Sisi tunapewa nini? Karatasi iliyochapishwa, yenye muhuri. Mkopaji akiomba faili anaambiwa ni siri ya kazi. Deni ni lake, riba ni yake, siri ni ya nani?

Ninachotaka: adhabu ifutwe yote, deni lihesabiwe upya tangu mwezi wa kwanza, na wakopaji wengine wote waliolipa kwa simu waangaliwe, maana fomula ile ile iko kwenye karatasi ya kila mmoja wao. Kama nawe ulikopa Katuba, Kamalondo au Ruashi na ukaambiwa deni halishuki, leta hapa kiasi, riba na tarehe za risiti zako, bila jina. Nitakupigia hesabu bure. Na ninyi ajenti wa mikopo mnaosoma kimya, fungueni faili zenu leo, tafuteni ;0) mseme mmekuta ngapi.