"Put off" ni kuahirisha tu, au kuna jingine?

Muulizaji: Habari zenu ndugu. Miaka yote "put off" nimeijua kuwa ni kuahirisha: "They put off the meeting until Friday", kikao kimesogezwa hadi Ijumaa. Juzi nilimwazima mwenzangu kazini kitabu ninachokipenda mno, akaniandikia: "The first chapter put me off." Nikamjibu asijali, atakisoma akipata nafasi. Akanyamaza. Aliniambia nini hasa?

Mkalimani: Alikwambia sura ya kwanza imemkata hamu. Tazama kinachosogezwa. Likiwa jambo, kama kikao, safari au mtihani, ni kuahirisha. Akiwa mtu, mara nyingi ni kukatwa hamu: "His rudeness put me off", ufidhuli wake ulinikirihi.

Nimesema mara nyingi, maana mtu naye hupigwa kalenda. Natafsiri barua za madai, na siku moja nilikuta "He keeps putting me off." Nikaandika "ananichukiza". Kumbe mwenye barua alikuwa anadai pesa zake, kila akienda anaambiwa njoo kesho. Anapigwa danadana! Kuchukizwa si dai, kuzungushwa ndilo lilikuwa dai lenyewe. Bahati nzuri nilirudia kusoma kabla sijaikabidhi. Tangu hapo sitafsiri neno hili bila kusoma sentensi ya kabla yake na ya baada yake.

Msomaji wa Zamani: Ipo na ya kumvuruga mtu, Waingereza wanaitumia sana. Mpigaji anajiandaa kupiga penalti, mashabiki wa upande wa pili wanazomea "to put him off".

Muulizaji: Ahsanteni. Na "I put off to go" ni sahihi?

Mkalimani: Hapana, sema "I put off going". Unaweza kusema "put off the trip" au "put the trip off", lakini "it" lazima ikae katikati: "put it off". Usiichanganye na "call off", hiyo ni kufuta kabisa. Safari iliyokuwa "put off" bado ipo, tarehe tu ndiyo imesogea.

Muulizaji: Nimeelewa. Nimeshamwandikia tena, nimemuuliza ni kitu gani katika sura ile kilichomkata hamu.