Kwenye geti la mbuga, mkimbizi ni mgeni au mtu wa hapa?

Mwongoza watalii, Mbarara (mtoa mada)
Viingilio vya mbuga zetu za Uganda vina madaraja. Raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi, wageni wakaazi na wageni wa kupita hulipa dola. Mfano wa juu kabisa ni kibali cha kwenda kutazama gorila: bei zilizoanza Julai 2024 zilikuwa shilingi 300,000 kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, dola 700 kwa mgeni mkaazi, dola 800 kwa asiye mkaazi kutoka nje ya Afrika. Tofauti karibu mara kumi. Huko juu mkimbizi hafiki, lakini madaraja hayohayo yako mbuga ya Lake Mburo, na makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako jirani tu, Isingiro. Mimi nasema aliyesajiliwa Uganda kama mkimbizi alipe shilingi, awe ametoka nchi gani. Mnaonaje?

Wakili, Kampala
Kwa wengi wao swali lilishajibiwa. Sudan Kusini iliingia Jumuiya 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Mkongo wa Nakivale ni raia wa Afrika Mashariki hata kabla hujamuuliza kama ni mkimbizi. Kinachomkwamisha ni karatasi. Getini unadaiwa pasipoti au kitambulisho cha taifa, yeye ana kadi ya mkimbizi au ile hati ya familia kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia wakimbizi. Na kumwambia "kachukue pasipoti ubalozini kwenu" ni kumtega. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, Ibara ya 1C, unasema anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza hadhi ya ukimbizi. Apoteze hifadhi kwa ajili ya kutazama pundamilia?

Mhasibu, Masindi
Napinga. Bei ya madaraja si ubaguzi. Asilimia 20 ya viingilio hurudi kwa serikali za mitaa zinazopakana na mbuga, yaani kwa watu ambao tembo wanawalia mahindi. Halafu msome Sheria ya Wakimbizi ya 2006: katika mambo mengi inampa mkimbizi haki sawa na wageni wengine, si sawa na raia. Tena kashia wa getini si afisa uhamiaji. Hati ya familia ni karatasi moja yenye watu wanane, imekunjwa mfukoni mwaka mzima, picha zimefifia. Atamtambua nani?

Mtoa mada
Ssebo (bwana), asilimia 20 ya mtu asiyekuja ni sufuri. Mkimbizi akiambiwa dola hageuki kulipa dola, anageuka kurudi nyumbani. Na kodi analipa: sabuni, sukari, mafuta ya boda, vyote anavinunua duka moja na wewe.

Wakili, Kampala
Mhasibu, kwenye Sheria ya 2006 una hoja. Lakini Uganda iliingia kwenye Mkataba ule 1976, na Ibara ya 29 inakataza kumtoza mkimbizi ushuru au malipo yanayozidi ya raia walio katika hali kama yake. Mtu anaweza kubisha kwamba kiingilio ni bei ya huduma. Mimi naona kinachotozwa na mamlaka ya serikali kwa tangazo la serikali ni tozo.

Palipo pagumu kweli ni makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo. Pale kuna Wasudani Kusini na Wasudani waliokimbia vita vya 2023, na Sudan si mwanachama wa Jumuiya. Majirani wawili, bomba moja la maji: mmoja shilingi, mwingine dola. Ndiyo maana kigezo cha uraia hakitoshi, kiwe usajili.

Mwalimu, Isingiro
Mmesahau watoto. Katiba, kifungu cha 12, inamnyima aliyezaliwa hapa na mzazi mkimbizi njia ya kusajiliwa uraia kwa kuzaliwa nchini. Kwa hiyo darasa moja lina Waganda na "wageni" waliozaliwa kituo kimoja cha afya. Safari ya shule huharibikia kwenye orodha yenye safu ya uraia. Andikeni jina, darasa na umri, basi. Barua yenye muhuri wa shule itangulie mbugani, iseme idadi ya wanafunzi na walimu, na ombeni jibu la maandishi lenye bei, kwa sababu mliyeongea naye kwa simu huenda siku hiyo hayupo zamu. Watu wazima wabebe kadi halisi, si picha kwenye simu. Sheria inawaruhusu kutembea, lakini kwenye vizuizi vya barabarani askari huuliza, na barua ya kamandanti, yaani mkuu wa makazi ya wakimbizi, hufupisha maneno.

Jingine dogo: Mkongo humsalimu askari wa geti kwa Kiswahili. Kwa Waganda wengi hiyo ilikuwa lugha ya jeshi, na bado kuna anayenuna akiisikia. Hilo halimo kwenye orodha ya bei.

Mhasibu, Masindi
Kadi ya plastiki yenye picha, nakubali. Karatasi, hapana. Na gorila waondoeni kwenye hoja.

Mtoa mada
Gorila hatukuwaomba. Ila aliye na hati tu, kadi bado anaisubiri, mnamwambia nini getini?