Semina ya wahadhiri kuhusu uchapishaji: tuanze na nini?

Mkutubi_Dom: Wakuu, maktaba yetu hapa Dodoma imepewa muda wa saa mbili kuwafundisha wahadhiri kuhusu uchapishaji. Tuanze na nini?

RafuYaJuu: Slaidi za historia ziache. Kila mtu aje na laptopu na makala yake moja. Wafungue ORCID, ile namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti, na waongeze baruapepe binafsi. Ya chuo ikifungwa, kuingia inakuwa kazi. Kisha watafute jarida kwenye DOAJ, ile orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, kwa ISSN (namba ya utambulisho wa jarida), si kwa jina, maana matapeli huiga majina. Walinganishe na anwani ya tovuti pia, ISSN nayo huibwa.

Zuzu2: Nyongeza mkuu: wengi huchemsha kwenye hazina ya chuo, ile ya mtandaoni ya kuhifadhi makala za wahadhiri. Wanapandisha PDF yenye nembo ya mchapishaji, wakati mara nyingi kinachoruhusiwa ni muswada uliokubaliwa baada ya mapitio.

Mkutubi_Dom: Shukrani. Mikataba yao na wachapishaji waje nayo basi.