Kibarua na mwajiriwa wa kudumu katika godauni moja

Swali
Naomba ufafanuzi wenu. Katika godauni ninamofanya kazi hapa Mombasa, hamali wawili hushika gunia moja la kilo 50, huyu ncha hii na yule ncha ile. Mmoja ameajiriwa kwa kudumu, ana likizo na akiba ya uzeeni. Mwenzake hulipwa jioni, na alfajiri husimama langoni akingoja mnyapara amwonyeshe kidole. Chuoni nilifundishwa kwamba ujira hufuata ujuzi. Ni ujuzi gani unaowatenganisha hawa?

Jibu la kwanza
Mwanangu, mpaka huo uliwekwa na watu. Zamani karibu makuli wote wa bandari ya Kilindini walikuwa wa kutwa. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa mji huu waligoma, na wakoloni wakatambua kwamba mtu asiye na ajira ya kudumu hatishiki kwa kufukuzwa. Katika miaka ya 1950 makuli wakaandikishwa daftarini: walioandikwa wakaboreshewa ujira, wasioandikwa wakabaki nje ya lango, ilhali mzigo ulikuwa ule ule.

Jibu la pili
Mimi ni karani wa mishahara, kwa hiyo nitasema ya upande wangu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Nia ni njema, lakini nimeshuhudia jina likiondolewa orodhani siku chache kabla ya mwezi kutimia, kisha likarudishwa baada ya majuma mawili. Hata hivyo tusimlaumu mwajiri kwa kila jambo, kwani kuna miezi ambayo meli za mbolea haziji kabisa.

Muulizaji
Nashukuru, lakini kama sababu ni msimu, mbona sura za langoni ni zile zile? Huyo mwenzetu yuko mwaka wa sita.

Jibu la tatu
Basi ana hoja ya kupeleka mahakama ya ajira, ila ataulizwa ushahidi. Neno kibarua lenyewe limetokana na barua, kijikaratasi alichopewa mtu wa kutwa. Siku hizi hata hicho hapewi. Kama hulipwa kwa simu, mwambie asifute ujumbe wowote wa M-Pesa, na tarehe alizopumzishwa aziandike pembeni.