Ushuru wa uchakavu: tupime umri wa gari au hali ya gari?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za majukumu. Naomba tulijadili hili bila matusi.

Mdogo wangu anafundisha sekondari Kibaha. Amejibana miaka minne, sasa anataka kuagiza Vitz ya 2010, ile ya cc 996, plagi tatu. Kaniletea hesabu nimhakikie. Tuseme thamani yake mpaka inafika bandarini Dar, nauli ya meli na bima humohumo, ni milioni 5. Ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo ni 1,250,000. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini ni sifuri, maana haijazidi cc 1000. Mpaka hapo tunacheka. Halafu unakuja ule wa umri, ndio huo uchakavu: gari la miaka 8 mpaka 10 asilimia 15, likizidi hapo asilimia 30. Na hiyo 30 haipigwi kwenye milioni 5, inapigwa kwenye milioni 6 na robo, ushuru wa kwanza ukishaingia ndani. Inatoka 1,875,000. Juu ya vyote hivyo VAT asilimia 18, maana yake hata uchakavu wenyewe unatozwa kodi. Tozo ndogondogo nimeziacha. Ukiufuta huo uchakavu, mwalimu anabaki na 2,212,500 mkononi.

Sasa njooni kwangu. Nina Vitz ya 2006, injini hiyohiyo, niliinunua mkononi mwa mtu mwaka 2017. Kwenye dashibodi naweka daftari la kaunta, kila shilingi inaandikwa. Mwaka jana: oili na filta mara tatu, 255,000. Shokapu za mbele na ufundi wake, 200,000. Rejeta na kulanti, 210,000. Pedi za breki 45,000. Betri 170,000. Tairi mbili za 165/70 R14, 250,000. Bushi, boljointi na mkono wa fundi, 170,000. Jumla 1,300,000. Na huo ulikuwa mwaka mbaya.

Kwa maneno mengine, uchakavu anaotozwa mdogo wangu kabla hajawasha gari ungeitunza Vitz yangu mwaka na miezi minane.

Hoja yangu ni moja: kalenda haijui hali ya gari. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, ikaihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Wengine walinuna, mimi nilipiga makofi. Anayezunguka sana analipa sana, mwenye mkweche uliolala uani halipi. Pale walipima matumizi. Huku kwenye umri wanapima nini? Pimeni breki, pimeni moshi, pimeni stelingi. Gari langu lina miaka mingi na linapumua vizuri kuliko ya mabosi fulani ninaowajua.

Karibuni.

Wa Tegeta

Mkuu, hesabu yako ni safi, ila umeisoma nusu. Jumlisha mpaka mwisho: hiyo Vitz ya 2010 inamfikisha kwenye 9,587,500. Kwa hela hiyohiyo angeweza kuleta gari la miaka saba lenye thamani ya milioni 6 na nusu, kwa sababu lile halina uchakavu. Piga mwenyewe: 6.5 zidisha 1.25, zidisha 1.18. Inakuja palepale, hata shilingi haipotei.

Kodi imefanya kazi iliyotumwa kufanya. Inamwambia mwalimu: hela unayotaka kutupa kwenye uchakavu, iongeze kwenye gari lenyewe. Sasa tatizo liko wapi?

Mwanzisha mada

Tatizo, ndugu wa Tegeta, ni kwamba mwalimu hana 9.5. Ana 7 na kitu. Uchakavu usingekuwepo, gari la milioni 5 lingemsimamia 7,375,000. Wewe unamshauri mtu aliyeishiwa nauli ya daladala apande bajaji.

Wa Likoni

Ndugu zetu wa Bongo mnalia na asilimia, kwetu Kenya mlango umefungwa kabisa. Gari likipita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, halishuki Mombasa. KEBS, shirika letu la viwango, wana kiwango chao, KS 1515, na kila Januari mosi mwaka mmoja wa magari wafungiwa nje. Uganda nao mwaka 2018 waliweka sheria ya kuzuia yaliyofikisha miaka 15.

Je, mikweche imeisha? Jirani yangu ana Starlet ya namba KAL. Yavuka feri kila siku alfajiri, na mlango wa nyuma umefungwa kwa waya. Haliuzi kwa sababu akiliuza hapati jingine kwa bei hiyo. Tumezuia gari la miaka tisa lililotunzwa Japan, tumebaki na la miaka ishirini na tano lililotunzwa na makanika wa chini ya mwembe. Mwenye akili anifafanulie faida.

Wa Tegeta

Faida ni mapafu yako, ndugu wa Likoni. Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti: kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yalivushwa kutoka nchi tajiri, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi kuliko bara jingine lolote. Sisi ndio jalala. Na kabla hamjaniambia Wajapani wanapima hali, ni kweli wana ukaguzi wao, gari jipya baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Lakini haohao gari la petroli likipita miaka 13 wanalipandishia kodi ya mwaka. Kwa hiyo na wao wanaangalia kalenda. Wanapima vyote viwili.

Halafu tuambiane ukweli kuhusu masega. Gari linatoka Japan na masega yake kwenye eksozi, yale yanayochuja moshi. Likikaa hapa miaka miwili, mtu anayakata anauza, anachomelea bomba tupu. Mwanzisha mada, ya kwako yapo?

Mwanzisha mada

Yapo. Hilo nimelikagua kwa macho yangu.

Dada wa Mbezi Beach

Mimi siko upande wowote, ila hili la "pimeni hali" linanichekesha. Apime nani? Kuna mwaka nilibandikiwa stika ya ukaguzi boneti ikiwa imefungwa, na sisemi wapi. Kaka, ukaguzi wa hali unataka mtu asiyenunulika na mashine isiyodanganya. Kalenda angalau haiombi hela ya soda.

Na mafundi msiwasahau. Nina Nissan March. Gereji moja ilinifungia shokapu "mpya" za 280,000. Wiki ya tatu gari linaruka kama chura. Nikampelekea mwingine, akazikwangua kwa kucha, rangi nyeusi ikabanduka, chini yake kutu. Zilikuwa za kale zimepigwa spreya. Sasa gari langu liliharibiwa na umri au na hali? Liliharibiwa na mwizi.

Fundi, Mwanza

Dada pole sana. Shokapu ukiuziwa, futa ile fimbo kwa kitambaa cheupe na uangalie kama ina mikwaruzo, kisha ibonyeze. Ikishuka bila kubisha, irudishe hapohapo.

Nimesoma wote. Mimi nafungua magari haya siku sita kwa wiki na nasema hivi: umri hauvunji Vitz. Inavunjwa na mmiliki wa tatu. Wa kwanza alikuwa Japan, akafuata kitabu. Wa pili aliliagiza, analiogopa, anamwaga oili kwa wakati. Wa tatu kanunua kwa hela ya mwisho, na fundi wake anamfuata mfukoni.

Ndipo yanaanza. Hizi Vitz za kuanzia 2005 za cc 996 nyingi zina gia boksi ya mkanda, CVT. Inataka oili yake. Mtu anaona bei, anaweka ATF, oili ya gia otomatiki ya kawaida, baada ya miezi gari linavuma halisogei, wanasema "limechoka". Halijachoka, limelishwa sumu. Starlet nayo ina mkanda wa taimingi, wa kubadilisha kwenye kilometa laki moja, na ni nani anakumbuka laki moja iliisha lini wakati dashibodi imerudishwa nyuma? Rejeta inawekewa maji ya bomba, kutu inakula pampu. Kwa bajeti ndogo nawaambia wateja: spea used ya Japan nunua, mlango, taa, maunti, hata jenereta. Lakini pedi, mipira ya breki na tairi usinunue used, hata kwa undugu. Tairi soma zile namba nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mwanzisha mada, daftari lako limenifurahisha, ila kuna mstari haupo. Mafuta. Unapata kilometa ngapi kwa lita?

Mwanzisha mada

Fundi, kama 12 hivi. Foleni ya Morogoro Road unaijua.

Fundi, Mwanza

Foleni naijua, ila hiyo injini ingekupa 15 hata na foleni. Ukiwasha asubuhi, ile taa ya bluu ya baridi inazimika baada ya muda gani?

Mwanzisha mada

Nikitoka Mbezi inazimika kwenye Kimara. Siku zote iko hivyo. Nilidhani ndiyo afya, gari halichemshi.

Fundi, Mwanza

Huna thermostati, bosi, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Gari likichemsha mafundi wengi wanaitoa wanatupa, ndiyo dawa ya haraka. Maji yanazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado asubuhi inazidi kumwaga petroli. Fungua uangalie.

Wa Tegeta

Nasubiri majibu kwa hamu, hasa yale ya "linapumua vizuri".

Mwanzisha mada

Jumamosi nimefungua. Fundi, umeniua. Ndani kuna mpira wa kuzuia maji yasivuje na hewa. Thermostati haipo. Nimepekua daftari mpaka 2017, hakuna mahali nimeandika kuitoa, kwa hiyo ama nilinunua gari hivyo, ama ni yule aliyenibadilishia rejeta. Kilometa elfu kumi kwa mwaka, kwa kilometa 12 ni lita 833, kwa 15 ni lita 667. Lita 166 kila mwaka nilikuwa namwagia barabara, halafu nakuja hapa kuwafundisha serikali kupima hali ya gari.

Wa Tegeta, cheka. Msimamo wangu sijaubadilisha: hata mimi mwenye daftari sikuiona, na asilimia 30 nayo isingeiona. Angeiona mtu mwenye mashine, akiwepo wa aina anayomtaka dada wa Mbezi Beach.

Nimenunua, 35,000, na kulanti mpya. Leo asubuhi taa ya bluu imezimika kabla sijafika stendi ya Magufuli. Mdogo wangu bado anasubiri jibu, nimemwambia asitume hela Japan mpaka mwisho wa mwezi.