Vipindi gani vya stopu mosheni vinafaa kuwafunzia watoto, na plastisini itahimili kaskazi ya Lamu?

Mkaa_Langoni (Lamu)

Asalaam aleikum wanajukwaa. Kuna watoto kumi hapa Amu, wa miaka 9 hadi 13, wanaotaka kutengeneza katuni ya stopu mosheni (kikaragosi husogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja) likizo ya Desemba. Kisa wamekichagua wenyewe: punda agoma kubeba mawe, mwenyewe ajaribu kila hila, mwisho mawe ayabebe yeye na punda amfuate nyuma akitikisa masikio. Dakika moja, basi. Simu ipo, stendi ipo, na plastisini za rangi, ule udongo laini wa kufinyangia, zapatikana dukani.

Nauliza mawili. Vipindi gani vya televisheni vya aina hii ndivyo bora kwa mtu anayetaka kujifunza kazi, si kucheka tu? Na plastisini itahimili joto, au punda atalala kifudifudi kabla ya hatua ya tatu?

Fremu12 (Malindi)

Waalaikum salaam. Anzeni na Pingu, tena vile vipindi vya kale. Ni kazi ya Uswisi, ilianza kuonyeshwa 1990, muasisi wake Otmar Gutmann. Kipindi kimoja ni kama dakika tano, na hakuna lugha ya kutafsiri kwa sababu pengwini wanazungumza maneno ya kubuni. Waambieni watoto watazame umbo kwanza: mwili kama yai, magoti hayaonekani, miguu mifupi na bapa. Pingu akikasirika mdomo wake unarefuka ukawa tarumbeta, na akitaka kuteremka mlima anajiviringisha akawa mpira. Hapo ndipo plastisini inapojilipia gharama yake, maana kitambaa hakiwezi kufanya hivyo. Mkiona Pingu in the City ya 2017, iacheni. Ile imetengenezwa kwa kompyuta, na huko hamna alama ya kidole ya kujifunzia.

Cha pili ni Pat & Mat cha Czechoslovakia, kilichoanza 1976. Mafundi wawili, kazi ndogo, na kila wanaporekebisha ndipo wanapoharibu zaidi. Hawasemi neno. (Kuna toleo la Kiholanzi lililotiwa mazungumzo, tafuteni la asili.) Kwa kisa chenu cha punda hili ndilo darasa lenyewe. Hesabuni muda wanaosimama kimya wakitazamana kabla ya mambo kuharibika. Nyinyi mkipiga picha 12 kwa sekunde, wekeni picha 8 hadi 10 zisizo na mwendo wowote isipokuwa kupepesa jicho, kisha mawe yaanguke. Bila kituo hicho mtazamaji hajui acheke wapi.

Shaun the Sheep cha Aardman, Bristol, kilianza 2007. Kwangu mimi hakuna kipindi cha televisheni cha aina hii kilichokipita, lakini si cha kuiga mwanzo, kwa kuwa kuna kundi zima la kondoo kwenye picha moja na kila mmoja ana lake analofanya. Chukueni jambo moja tu: macho. Mhusika anapogeuka, macho yanatangulia, kichwa kinafuata picha mbili tatu baadaye, na mwili mwisho. Mtoto akilishika hilo, hata kipande cha mbao kitaonekana kina akili.

Hesabu yenu: picha 12 kwa sekunde kwa dakika moja ni picha 720. Mkishuka hadi 8 ni 480, na kwa punda mvivu inatosha. Chini ya hapo mwendo unakatikakatika.

SindanoNaUzi (Shela)

Nakubaliana na Fremu12 kuhusu Pingu kama darasa, lakini punda wa plastisini tupu Desemba hapana. Haiyeyuki, inalegea. Miguu minne myembamba chini ya mwili mzito itaanza kupinda polepole bila kuguswa, na hamtaliona mpaka mcheze picha zote na kumkuta punda anazama sakafuni. Wengine huitia kwenye friji. Ikitoka huko unyevu wa hewa yetu unageuka matone juu yake, inateleza na vumbi linanata. Kama lazima muipoze, ifungeni ndani ya plastiki na msiifungue mpaka irudi kwenye joto la chumba. Plastisini iliyolegea kupita kiasi itandazeni juu ya karatasi kavu usiku mzima. Karatasi itanyonya mafuta na yenyewe itakaza. Tena hakikisheni ni plastisini ya mafuta. Ule udongo wa kuchezea wa unga na maji unakauka na kupasuka mbele ya feni kabla hamjamaliza tukio.

Kwa hiyo mtazame na vipindi vya nguo. Clangers cha Uingereza, 1969, kazi ya Oliver Postgate na Peter Firmin: wale viumbe wa sayari ndogo mfano wa mwezi walifumwa kwa sindano na uzi, ndani wana mifupa ya Meccano (vipande vya chuma vya kuchezea, vya kuunganisha), na wanazungumza kwa filimbi. Halafu Pui Pui Molcar cha Japani, 2021, magari ambayo ni simbilisi (guinea pig) wa manyoya, chini ya dakika tatu kila kimoja. Molcar kinafunza na hatari yake: manyoya yanatetemeka kila picha kwa kuwa vidole vimeyagusa. Pale inapendeza, maana ndiyo sura ya kipindi. Kwa punda wenu itachosha macho.

Mtengenezeni hivi. Urefu sentimita 15 hivi. Waya wa aluminiamu wa milimita 1.5: nyuzi mbili kwa kila mguu, tatu kwa uti wa mgongo na shingo. Zifungeni ncha moja kwenye jitasa, nyingine kwenye keekee, mzungushe taratibu mpaka zisokotane; zikikaza sana zinakuwa tete kama kioo na kukatika, hivyo simameni mapema. Waya wa kufungia nondo msiutumie. Unakatika baada ya kukunjwa mara chache, na kwa hewa ya bahari unashika kutu inayotoboa rangi ya kitambaa. Kifua na tumbo ni sifongo la godoro lililokatwa kwa mkasi na kugundishwa, magoti yaachwe bila sifongo yapate kukunjika. Juu yake vuteni fulana kuukuu ya kijivu, ishonwe kwa chini. Masikio yawe na waya mmoja mwembamba ndani, kwa sababu punda anaigiza kwa masikio kuliko kwa mdomo. Plastisini ibaki kwa kope na midomo peke yake, vipande vidogo vya kubandua na kubandika.

Kimbo_la_Bahari (Malindi)

Mbona hamtaji Tinga Tinga Tales? Imetengenezwa Nairobi, wanyama wetu, hadithi zetu.

Fremu12 (Malindi)

Kipindi kizuri, na watoto wakitazame kwa hadithi. Lakini si stopu mosheni, ni michoro inayoendeshwa kwa kompyuta. Kuna mtego kama huo kwa Fireman Sam: vipindi vya 1987 ni vikaragosi halisi, vya kuanzia 2008 ni kompyuta. Na mtu asiwape watoto Robot Chicken kwa sababu tu kina sanamu za kuchezea. Kile ni cha watu wazima.

Mkaa_Langoni (Lamu)

Shukran. Waya nimeelewa. Punda atasimamaje na mguu mmoja hewani?

SindanoNaUzi (Shela)

Kila kwato itieni nati ya M3 (ya bolti ya milimita 3) ndani ya gundi ya epoksi, tundu likitazama chini. Sakafu iwe plaiwudi ya milimita 9 yenye matundu, iliyonyanyuliwa juu ya matofali ili mkono upite chini na kukaza bolti. Tundu lisilotumika lizibwe kwa plastisini ya rangi ya mchanga. Kifundo cha mguu ndicho kitakachokatika kwanza, kwa hiyo tengenezeni miguu miwili ya akiba toka mwanzo.

Mwendo wa punda: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia. Akitembea taratibu miguu mitatu huwa chini karibu muda wote, basi bolti mbili zilizokazwa zinatosha kumshika. Mzunguko mzima wa miguu minne upeni picha 12 hadi 16. Wapelekeni watoto barabara ya ufuoni wawatazame punda wenyewe kabla ya kugusa kikaragosi.

Mawe yawe ya sifongo iliyopakwa rangi. Uzito unaigizwa. Mtu akinyanyua jiwe, magoti yainame kwanza kwa picha tatu, kisha jiwe lipande milimita 1, 1, 2, 3, halafu 5. Likipanda kwa kipimo kimoja toka mwanzo litaonekana puto.

Taa_ya_Karabai (Lamu)

Hamjagusa mwanga, na ndio unaoharibu kazi nyingi. Picha zikichezwa zinapepesa, watu wanalaumu simu. Sababu ni hizi.

Dirisha. Wingu likipita kila picha ina mwanga wake. Zibeni kwa kitambaa cheusi, mtumie taa tu. LED, si balbu za kizamani. Zile zitawachomea plastisini.

Simu ikiachwa ijipimie yenyewe hubadilisha mwanga na rangi kila mkono unapoingia na kutoka. Programu kama Stop Motion Studio inaruhusu kufunga fokasi, mwanga na rangi. Fungeni vyote vitatu. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iwe ya chini. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo kasi ya shata (muda kamera inaopokea mwanga) iwe sekunde 1/50 au 1/25, la sivyo baadhi ya taa zitaacha mistari. Stima ikiyumba nayo itaonekana, kwa hiyo taa ya USB kwenye pawabenki ni salama zaidi. Taa za betri za kawaida hufifia kidogo kidogo, na tukio linaanza adhuhuri linaishia magharibi.

Mavazi. Kanzu nyeupe inarudisha mwanga juu ya seti, na kila anaposogea kivuli kinabadilika. Anayesogeza kikaragosi avae nguo nyeusi na asimame pale pale kila picha inapopigwa.

Simu iwe kwenye hali ya ndegeni. Msiiguse kupiga picha: chomekeni spika za masikio za waya, kitufe cha kuongeza sauti ndicho kitakachopiga. Miguu ya stendi ifungwe kwa utepe sakafuni, meza nayo isukumwe ukutani. Kwenye programu washeni kivuli cha picha iliyotangulia, ili punda akiangushwa muweze kumrudisha mahali pake. Feni izimwe wakati wa kupiga. Ndiyo, mtatoka jasho, basi pigeni asubuhi mapema, na kila nusu saa mpate pumziko la dakika kumi.

Mkaa_Langoni (Lamu)

Na sauti? Watoto wanataka punda aseme.

Fremu12 (Malindi)

Asiseme. Midomo ya kufuata maneno itawaongezea kazi maradufu. Postman Pat cha 1981 kiliendeshwa na msimulizi, wala midomo ya vikaragosi haikuchezeshwa. Pingu wa mwanzo alitolewa sauti zote na mtu mmoja, Carlo Bonomi wa Italia. Mtafuteni mtoto anayejua kulia kama punda, mrekodini baada ya picha kukamilika, chumba kikiwa na mikeka na magodoro kuzuia mwangwi. Mlio wa kwato ni vifuu viwili vya nazi juu ya kigae. Kwa mchanga, juu ya gunia la chumvi.