Naomba ushauri: picha za CMYK zinaharibika rangi nikizigeuza kuwa RGB

Habari za leo wakuu. Nimekwama, naomba msaada wenu.

Nina picha kama 300 za kanga, zote JPEG, zilizoandaliwa kwa ajili ya kuchapwa, yaani ziko kwenye CMYK (rangi za wino wa kuchapia). Mteja anataka PNG za kuweka mtandaoni. Natumia Python na Pillow (maktaba yake ya kushughulikia picha). Mwanzoni iligoma kabisa: "cannot write mode CMYK as PNG". Nikaweka convert("RGB"), yaani zigeuzwe kuwa rangi za skrini, zikahifadhika bila kelele, ila rangi sasa ni balaa. Kijani cha mgomba kimekuwa kijani cha taa za disko, na bluu iliyokoza inawaka hadi macho yanauma.

Nikasoma kwamba convert haiangalii profaili ya rangi iliyomo kwenye faili (maelezo ya jinsi namba za rangi zinavyopaswa kuonekana). Nikajaribu ImageCms.profileToProfile kwenda sRGB (RGB ya kawaida ya mtandaoni), na zile zenye profaili zimetoka safi. Shida ni kwamba karibu nusu, img.info.get("icc_profile") inarudisha None, yaani hazina profaili. Halafu kuna kumi hivi zinatoka kama negativu ya zamani: pindo jeusi limekuwa jeupe. Hizo nikizipitisha kwenye ImageChops.invert kabla ya kugeuza zinakaa sawa, lakini nazichambua kwa macho, moja moja.

Maswali yangu: picha isiyo na profaili niichukulie kuwa ni FOGRA39 au SWOP (profaili za uchapaji za Ulaya na za Marekani), nikijua tu kwamba kazi ilichapwa hapahapa Dar? Na je, kuna namna ya kuzitambua hizo zilizopinduka rangi kwa kodi ya Python, labda kupitia alama ya Adobe (kipande cha data ambacho programu za Adobe huweka) iliyo ndani ya JPEG?